Wimbo Wenye Mapengo

Kwetu Ng'ambo, Unguja, upo wimbo ambao ni watu wa nyumba moja tu wanaojua kuuimba sawasawa. Unaanza vizuri, unapanda, kisha unanyamaza kwa muda wa kupepesa jicho, kama mtu aliyejikwaa, halafu unaendelea na safari. Mbele kidogo unajikwaa tena. Mama huuvumisha bila maneno akichambua mchele, na anapofika penye mapengo hunyamaza bila hata kufikiri. Ndugu zangu wote wanauimba hivyo. Mimi nilishavuka miaka thelathini nilipousikia mzima kwa mara ya kwanza tangu utotoni, katika duka la zawadi Uholanzi, na nikadhani wameukosea.

Wimbo huo ni wa kisanduku cha bangili, kile kinachopiga muziki chenyewe. Mjomba alikuwa baharia, na alimletea mama kutoka Japani kabla sijazaliwa: kisanduku cha mbao kilichopakwa rangi ya waridi, kioo ndani ya kifuniko, na kisichana cha plastiki kinachosimama kwa mguu mmoja na kuzunguka. Naamini wengi wenu mmewahi kukiona kitu cha namna hiyo kwenye meza ya vipodozi ya mama au shangazi, na wengi mmekemewa msikichezee. Chini yake pana ufunguo mfano wa kipepeo. Ukiuzungusha kisha ukafunua kifuniko, kisichana kinaamka.

Siri yote imo kwenye kipande cha chuma kisichozidi urefu wa kidole gumba. Ni kitana cha feleji chenye meno kumi na manane, kila jino na sauti yake: refu hutoa sauti nzito, fupi hutoa sauti nyembamba. Mbele yake inazunguka silinda ndogo ya shaba yenye vinundu. Kinundu kinalinyanyua jino, kinaliachia, nalo linalia. Inapomaliza mzunguko mmoja wimbo umekwisha, unaanza upya. Hakuna umeme, hakuna kaseti. Antoine Favre, fundi saa wa Geneva, ndiye aliyeleta wazo la meno ya chuma yanayolia mwaka 1796, na tangu hapo msingi haujabadilika. Kisanduku cha bangili na kile cha kifalme vinafanana matumboni. Tofauti ni idadi ya meno na umakini wa mkono uliovitengeneza.

Nilikuwa na miaka tisa kilipogoma. Sababu naijua leo: poda. Poda ya uso na nyuzi za nguo ziliingia ndani mwaka hadi mwaka na kuganda pamoja na mafuta. Baba alikipeleka kwa fundi saa mmoja mjini, nami nyuma yake. Alikuwa mtu makini, mwenye mikono mitulivu. Alikifungua, akakitazama, akaona kwamba kilichokwama ni kile kifeni kidogo cha mwisho wa magurudumu, akafungua parafujo zake mbili akisafishe. Springi ilikuwa imejaa.

Hapa inafaa nieleze, maana ndipo visanduku vingi vinapofia. Springi ya kisanduku haina subira. Kinachoifanya itoe nguvu zake kidogo kidogo ni magurudumu yanayoishia kwenye kifeni, nacho hupiga hewa na kuuzuia mwendo. Ukikiondoa kifeni wakati springi imejaa, nguvu yote inatoka kwa pumzi moja. Silinda ilizunguka kama pia. Nilisikia sauti kama shanga zinazomwagika juu ya bati, na ilipokwisha, meno matatu yalikuwa juu ya meza ya fundi, membamba kama vipande vya ukucha. Fundi hakusema neno. Aliyakusanya kwa kidole kilicholowa mate, akayafunga kwenye karatasi, akasafisha kilichobaki, akakirudisha bila kutoza hata senti. Karatasi ile mama anayo mpaka leo.

Kwa hiyo kama utakumbuka jambo moja katika haya niliyoandika, liwe hili: usiguse kifeni kabla springi haijakunjuka yote. Kama kisanduku kinapiga, kiache kipige mpaka kinyamaze chenyewe. Kama kimekwama kikiwa kimejaa, usikifungue, mpelekee anayejua, na umwambie kwa mdomo wako kwamba kimejaa. Anaweza kuwa fundi hodari wa saa na asijue, kwa sababu saa haina kitana chenye meno ya kupoteza.

Maisha yalinileta Utrecht, Uholanzi. Katikati ya mji huu kuna kanisa la kale liitwalo Buurkerk, na ndani yake jumba la makumbusho la ala zinazojipiga zenyewe, Museum Speelklok. Nilikwenda mara ya kwanza siku ya mvua ili nikae mahali pakavu. Anayekutembeza pale hakuonyeshi tu vitu kwenye kabati la kioo. Anavipiga. Alipiga saa ya ukutani yenye filimbi, akapiga kinanda cha dansi kirefu kuliko nyumba yetu, akafika kwenye mashine ya Hupfeld wa Leipzig, Phonoliszt Violina, ya mwanzoni mwa karne ya 20. Ni piano, na juu yake kabati lenye violini tatu zilizosimama wima, zimezungukwa na upinde wa duara wa nywele za farasi. Karatasi yenye matundu inaamuru, upinde unazunguka, violini inasogezwa mpaka uzi wake uguse nywele, na vidole vya chuma vinaibana kama vidole vya mtu. Nilikuwa nimelowa, na nilibaki pale mpaka ziara ya pili ikaanza.

Nikiwa njiani kurudi nyumbani nilimkumbuka Bibi Salme. Binti huyu wa Sayyid Said, aliyezaliwa Mtoni mwaka 1844 na kumalizia maisha yake Ujerumani akiitwa Emily Ruete, alichapisha kumbukumbu zake mwaka 1886. Anaeleza jioni za Mtoni, familia imekaa na mzee barazani kuelekea bahari, kahawa inapita, na muziki wa kuwaburudisha: kinanda kikubwa cha mashine, mara nyingine kisanduku cha muziki, mara nyingine sauti ya mwanamke kipofu aitwaye Amra. Sayyid Said alifariki mwaka 1856. Maana yake muziki wa mashine ulisikika pwani ya Unguja zaidi ya miaka sabini kabla Siti binti Saad hajakwenda Bombay mwaka 1928 kuimba kwenye santuri. Huwa tunaanza hadithi ya muziki wa mashine kwetu na santuri. Mimi naianza Mtoni, na mjomba wangu baharia naye namweka kwenye mstari uleule. Na tukitaka kwenda mbali zaidi, ndugu watatu wa Baghdad, Banu Musa, katika karne ya 9 walishaandika juu ya filimbi inayojipiga yenyewe kwa nguvu ya maji, ikiongozwa na silinda yenye vijiti. Silinda yenye vijiti! Ndugu yake huyo huyo wa kisanduku cha bangili.

Watu hudhani mapenzi ya vitu hivi ni ya matajiri. Ni kweli kwamba kisanduku kipya cha Reuge, kampuni ya Sainte-Croix huko milimani Uswisi iliyoanza mwaka 1865, chenye meno 72 au 144, kinauzwa kwa maelfu ya faranga, na nilipokisikia nilielewa wanaolipa wanalipia nini: sauti za chini zinakaa hewani kama udi. Lakini mimi miaka miwili ya kwanza sikununua chochote. Mnara wa Dom, mita 112 kwenda juu, una pipa kubwa lenye vijiti linalopiga kengele kila robo saa, na hakuna anayekudai tiketi ukikaa chini yake na kipande cha mkate. Vijiti vile hupangwa upya mara kwa mara ili mji usichoke na wimbo mmoja. Kisha kuna vinanda vya mtaani, vile vya kuchorwa maua na wanasesere, vinavyosoma vitabu vya kadibodi vyenye matundu, ufundi ulioletwa na Gavioli wa Paris mwaka 1892. Kitabu kinaingia upande huu kikikunjuka, kinatoka upande ule kikijikunja, na mwenye kinanda anatikisa kopo la shaba kufuata mdundo. Tia sarafu kila unapopita. Hilo kopo ndilo linalolipa gundi, ngozi ya mivukuto na kadibodi mpya. Kinanda cha mtaani kisichotiwa sarafu kinaishia ghalani, na panya wanaijua ngozi ile.

Nilichonunua kwanza ni mashine tupu ya meno kumi na manane, bila kisanduku, kwa bei ya chakula cha mchana. Nakushauri uanze hapo hapo. Ishike mkononi, ipige: haisikiki sana. Sasa iweke juu ya meza ya mbao uipige tena. Meza nzima inaimba. Nilijaribu juu ya mlango, juu ya chungu kilichofunikwa, juu ya gitaa la jirani, juu ya sanduku la viatu. Usiku mmoja ulinitosha kuelewa kwa nini mbao za kisanduku cha zamani si pambo, na kwa nini anayekipaka vanishi nzito ili kipendeze anakiziba mdomo.

Kisha ikaja tamaa. Hapa siku ya mfalme, tarehe 27 Aprili, watu hutandika mikeka barabarani na kuuza vya zamani vyao. Kwenye mkeka mmoja niliona sanduku la mbao ya jozi, refu kama mkono kutoka kiwiko hadi kidole, ufa kwenye kifuniko. Nilifunua. Silinda ndefu yenye maelfu ya pini nyembamba kama nywele, kitana kirefu, na ndani ya kifuniko karatasi yenye maua ukingoni na majina ya nyimbo sita kwa wino uliofifia. Euro sitini. Muuzaji akasema halipigi. Mikono yangu ilitetemeka wakati wa kulipa.

Kabla ya kulipa nilifanya ambayo nilikuwa nimeshajifunza kwa kuuliza uliza. Nilihesabu meno, kwa ncha ya penseli, bila kuyagusa. Mawili ya mwisho upande wa sauti nyembamba yalikuwa yamevunjika ncha. Niliitazama silinda kwa pembeni dhidi ya mwanga: pini zote zilisimama kuelekea upande mmoja, hakuna mkanda wa pini zilizolala. Mkanda wa namna hiyo ungeniambia kwamba silinda hii nayo ilishawahi kuponyoka kama ya mama. Nilitazama kama springi imejaa, na haikuwa imejaa.

Nyumbani, chini ya taa, niliona lingine. Silinda moja inabeba nyimbo sita kwa sababu kila wimbo ukiisha, silinda inasogea pembeni chini ya nusu milimita, na pini za wimbo mwingine ndizo zinazokutana na ncha za meno. Usahihi huo ulifanywa kwa mikono, na nasikia haya kidogo kila ninapolalamika kwamba macho yangu yamechoka. Chini ya meno kuna vijiwaya laini vya kulinyamazisha jino kitambo kidogo sana kabla pini haijalishika tena, la sivyo linakwaruza. Kwenye meno membamba zaidi, ambako waya ungekuwa mzito, mafundi walitumia unyoya wa kuku. Na chini ya meno mazito kuna vipande vya madini ya risasi vilivyobandikwa ili sauti ishuke. Hapo ndipo roho yangu ilipoingia baridi: risasi ilikuwa imechanua unga mweupe. Risasi ikila unyevu na mvuke wa asidi unaotoka kwenye mbao fulani, huota unga, huvimba, hupasuka, na jino linapoteza sauti yake. Unga huo ni sumu. Nilinawa mikono, nikafunika sanduku, nikatafuta fundi wa kurekebisha.

Fundi alilitazama kwa heshima kubwa. Akanieleza kwamba jino jipya halibandikwi kwa gundi: unachonga mwanya kwenye kitana, unachomelea kipande cha feleji, unakipiga tupa mpaka kifikie sauti. Ukikwangua karibu na ncha sauti inapanda, ukikwangua karibu na shina inashuka. Risasi zote zitolewe na kuwekwa upya, vinyamazishi vyote vibadilishwe. Gharama yake ilipita nusu ya mshahara wangu wa mwezi mara kadhaa.

Sikuwa nazo. Na hapa nina msimamo ambao najua baadhi ya wapenzi wa vitu hivi hawaupendi: kama huna fedha ya kurekebisha vizuri, usirekebishe. Nimeona masanduku yaliyopuliziwa mafuta ya kopo mpaka pini zikashikana na vumbi, meno yaliyosuguliwa msasa ili yang'are na sauti yote ikapotea, nyimbo zilizochanwa kwenye kifuniko kwa sababu karatasi "imechakaa". Yote kwa nia njema. Sanduku langu halijapiga hata noti moja tangu nilinunue. Liko mbali na dirisha, kwa sababu silinda imejazwa ndani gundi ya utomvu inayozishika pini, na jua likiilainisha kazi imekwisha. Liko mbali na ukuta wa nje wenye unyevu. Nimelipiga picha kila upande, pamoja na kila jino na karatasi ya nyimbo. Atakayelipata baada yangu, mwenye fedha au mwenye mikono, atalikuta kama nilivyolikuta mimi.

Mama nilimweleza haya kwa simu, akacheka akasema, "Sasa umenunua la kutazama tu, mwanangu?" Nikamjibu ndiyo mama, la kutazama tu. Kwake yeye nikampa kazi: vile vipakiti vya chembechembe za kufyonza unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu asivitupe, aviweke kisandukuni, avikaushe juani kila baada ya muda. Chumvi ya pwani yetu inakula feleji usiku na mchana. Poda iwekwe kwingine. Na kisanduku kisiachwe katikati ya wimbo, kwa sababu jino lililonyanyuliwa na kinundu kwa miezi linachoka, na likigutushwa linakatika.

Masanduku ya sahani nayapitia haraka, ingawa wenzangu wengi huko ndiko walikohamia. Karibu na 1890, kampuni za Symphonion na Polyphon za Leipzig, Ujerumani, zilianza kuuza masanduku yanayopiga sahani za chuma unazoweza kubadilisha, na Gustave Brachhausen wa Polyphon akavuka kwenda Marekani kuanzisha kampuni ya Regina mwaka 1892. Ghafla watu wakawa wananunua wimbo peke yake, bila ala. Santuri ilipokuja ikawakuta wameshazoea, ikawamaliza: Regina ikaishia kutengeneza mashine za kufyonza vumbi. Sauti ya sahani hizo ni kubwa, ya kumeremeta. Mimi napenda silinda.

Kilichonifurahisha kuliko vyote ni cha bei ndogo: mashine ya meno kumi na tano ya kuzungusha kwa mkono, inayosoma ukanda wa karatasi. Unapewa na kitoboleo. Unatoboa wimbo wako mwenyewe, unaupitisha, unazungusha. Nilitaka taarabu mara moja, nikagonga ukuta mara moja. Meno yake ni ya kizungu, yamepangwa kama funguo nyeupe za piano, na Rasti, moja ya maqamu za Kiarabu tunazoimbia taarabu, inahitaji noti mbili zinazokaa katikati, robo toni chini ya zile zilizopo. Lakini mashine hii haina springi, kwa hiyo haina hatari, na ni ya bei ambayo fundi asingeshtuka. Nikakifungua kitana. Nikavaa miwani, nikachukua tupa ndogo kabisa, nikaanza kukwangua karibu na shina la jino la tatu. Vipigo vitatu, nalipiga kwa ukucha, natazama programu ya kupimia sauti kwenye simu. Vipigo vitatu tena. Jino la tatu, la saba, la kumi, la kumi na nne: noti ya "mi" mara mbili na noti ya "si" mara mbili, jioni nne. Sanduku la jozi nisingeligusa kwa tupa hata kwa kulipwa. Hili la kiwandani lilitoka vipande milioni sawasawa, na sasa limebaki moja linalopiga Rasti. Nilipozungusha mara ya kwanza na ngazi ikapanda ilivyopaswa kupanda, nililia.

Mwaka jana nilikwenda nyumbani na mashine mpya ya meno kumi na manane mfukoni, ya wimbo uleule wa kisanduku cha mama. Bado inatengenezwa. Parafujo tatu tu, kisanduku kingepona. Nilimpigia sebuleni, juu ya meza. Alisikiliza mpaka mwisho, mikono imetulia mapajani.

"Mzuri," akasema. "Lakini huo si wangu."

Nikairudisha mfukoni. Usiku ule nilikaa na kisanduku cha waridi, nikakipiga mara nyingi polepole, kifeni nikikizuia kidogo kwa unyoya, nikaandika kila noti na kila pengo. Nimetoboa ukanda kwa mashine ya meno thelathini, matundu ya jino moja nikiyaachanisha karibu milimita nane ili jino liwahi kulia kabla halijaguswa tena. Palipo na mapengo sikutoboa. Ukanda upo kwenye bahasha, pamoja na karatasi ya yule fundi yenye meno matatu, katika kabati la nguo la mama, kati ya kanga zake.